Anayetembea polepole akiwa na miaka 45: tatizo ni miguu au ubongo?

#1 Msomaji_Mburahati

Salaam wanajukwaa. Naomba tujadili jambo tunaloliona kila siku bila kulipa uzito. Mtu akifika miaka arobaini na ushei akaanza kwenda taratibu, tunasema amenenepa, amechoka, au magoti yanamsumbua. Kuna utafiti wa New Zealand unaotutaka tutazame juu zaidi ya magoti.

Katika mji wa Dunedin, watu 1,037 waliozaliwa kati ya Aprili 1972 na Machi 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni. Walipofika miaka 45, watu 904 kati yao walipimwa kasi ya kutembea kwa namna tatu: mwendo wa kawaida, mwendo wa haraka kadiri mtu awezavyo, na mwendo wa kawaida huku mtu akitaja kwa sauti herufi za alfabeti kwa kuruka moja baada ya nyingine. Matokeo yalichapishwa 2019. Moja ya tano ya waliokwenda polepole kuliko wote walizidiwa na moja ya tano ya waliokwenda kasi kuliko wote kwa wastani wa alama 16 za kipimo cha akili. Picha za MRI nazo zilionyesha kwamba wale wa polepole walikuwa na ubongo wenye ujazo mdogo zaidi na gamba la nje la ubongo jembamba zaidi.

Lililonishangaza kuliko yote ni kwamba tofauti hiyo ilikwisha kuonekana walipokuwa na miaka 3. Vipimo vya lugha, vya matumizi ya viungo na vya kujizuia, alivyofanyiwa mtoto ambaye bado anajifunza kufunga vifungo vya shati, viliashiria nani angetembea polepole zaidi ya miaka arobaini baadaye.

Swali langu ni hili: akili ndiyo inayoulinda mwili, mwili ndio unaoilea akili, au kuna kitu cha tatu kilichotangulia vyote viwili?

#2 Mzee_wa_Chumbageni

Ahsante kwa uzi, lakini nina shaka na kipimo chenyewe. Hapa Tanga mtu mzima hakimbii njiani. Ukimwona mtu wa miaka hamsini anakwenda mbiombio saa saba mchana, watu wataulizana nani kafiwa. Mwendo ni adabu, ni joto, ni kanzu, ni kusalimia kila baraza unalolipita. Nina jirani ambaye hajapata kuharakisha hatua tangu nimfahamu, na ndiye anayetuandikia mahesabu ya chama chetu cha wavuvi bila kikokotoo. Ukimpima kwa kipimo cha mji wa baridi, utamwita mzito wa akili, na utakuwa umemdhulumu.

#3 Fundi_wa_Viungo

Shikamoo Mzee. Hoja ya adabu ingekuwa na nguvu kama watu wale wangepimwa barabarani. Walipimwa ndani, kwenye njia ya mita chache yenye vihisi vinavyosoma kila hatua, na mojawapo ya vipimo ni kwenda kwa kasi yote mtu aliyonayo. Hapo hakuna baraza la kusalimia.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali moja huku Moshi. Watu wengi hudhani kutembea ni kazi ya miguu. Ukitazama kwa makini, kutembea ni kuusukuma uzito wako mbele ya mguu uliokushikilia, kisha kuudaka kabla hujaanguka, na kurudia hivyo kutwa nzima. Macho huleta habari za njia, sikio la ndani hueleza kichwa kimeelekea wapi, nyayo na vifundo huleta habari za ardhi, ubongo mdogo ulioko kisogoni hupanga zamu za misuli, na sehemu ya mbele ya ubongo huamua lini upunguze mwendo na lini ukwepe shimo, huku moyo na mapafu vikigharimia safari nzima. Kiungo kimoja kikilegea katika mnyororo huo, mwendo hupungua. Ndiyo maana mgonjwa wangu huanza kupimwa tangu anapoingia mlangoni, kabla hajakaa.

Ushahidi si wa Dunedin peke yake. Uingereza wana kundi la watu 5,362 waliozaliwa katika wiki moja ya Machi 1946. Walipofika miaka 53, wauguzi waliwafuata majumbani wakawapima mambo matatu: nguvu ya kukaza kiganja, muda wa kuinuka kitini mara 10, na kusimama kwa mguu mmoja macho yakiwa yamefumbwa hadi sekunde 30. Waliofanya vizuri katika mitihani ya akili utotoni walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya mwili, na hasa katika kusimama kwa mguu mmoja. Kwangu hilo lina maana kubwa, kwa sababu kusimama kwa mguu mmoja huku umefumba macho hakuhitaji msuli mkubwa. Kunahitaji ubongo unaosahihisha makosa madogo haraka. Kwa hiyo maelezo yangu ni mepesi: unapopima usawa wa mwili unapima ubongo kwa mlango mwingine.

#4 Mpemba_wa_Mtoni

Naheshimu maelezo ya Fundi, ila yanakwama Denmark. Huko kila kijana wa kiume huitwa kupimwa kwa ajili ya jeshi, na sehemu ya upimaji ni mtihani wa akili wa maswali 78 unaofanywa kwa dakika 45. Watafiti waliwachukua wanaume 2,848, waliozaliwa 1953 na kati ya 1959 na 1961, wakawapima mwili walipofika umri wa makamo. Kwa kila alama 10 za ziada katika mtihani wa ujanani, mtu aliinuka kitini mara 1.1 zaidi katika nusu dakika, aliruka sentimita 1 juu zaidi, na kiganja chake kilikaza kwa kilo 0.7 zaidi. Hata mgongo ulikuwa na nguvu kidogo zaidi.

Fundi anasema usawa wa mwili ni ubongo kwa mlango mwingine. Je, kukaza kiganja nako ni ubongo? Kifaa kile hakitaki hesabu wala shabaha, unakibana tu.

Mimi naona njia ndefu zaidi. Kijana aliyefaulu mapema husoma miaka mingi, aliyesoma hupata kazi isiyomvunja mgongo, kazi hiyo humpa kipato cha chakula kizuri na cha kumwona daktari kabla presha haijapanda, na akiambiwa aache sigara huelewa kwa nini. Miaka 30 ya maamuzi madogo ya namna hiyo hujikusanya ndani ya misuli. Akili haigusi mguu moja kwa moja. Inapitia maisha.

#5 Binti_Kisauni

Mpemba, umetaja wanaume 2,848. Wanawake wako wapi? Najua jeshi la Denmark liliwaita wanaume, lakini tusichukue habari ya nusu ya watu tukaifanya sheria ya watu wote. Angalau wale wa 1946 aliowataja Fundi wamo wake kwa waume.

Nina hoja nyingine juu ya usawa wa mwili. Mama zetu huku hubeba ndoo ya lita 20 kichwani bila kuishika, wakipita kwenye kichochoro cha mawe huku wakizungumza na kumwita mtoto aliyebaki nyuma. Hiyo ni mitihani miwili kwa wakati mmoja, migumu kuliko kutaja herufi kwa kuruka. Wengi wao waliachishwa shule mapema. Kama usawa wa mwili ni dirisha la akili, basi kuna akili nyingi mno ambazo shule haikuzipima. Na kama usawa ni mazoezi tu, basi dirisha la Fundi linaonyesha mazoezi.

#6 Mwalimu_wa_Same

Hamjambo. Naona mnazunguka. Jibu ni urithi. Mtoto aliyezaliwa na mbegu nzuri hupata kichwa kizuri na kifua kizuri kwa pamoja, ndiyo maana tofauti inaonekana akiwa na miaka 3. Nimefundisha muda mrefu, nikafundisha watoto wa niliowafundisha, na nimeona familia zile zile zikiongoza darasani na uwanjani. Hata Sweden walipima wanajeshi zaidi ya milioni moja, wakiwamo mapacha, na wakathibitisha kwamba mambo hayo mawili hurithiwa pamoja.

#7 Mhamiaji_Umea

Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Sweden na utafiti huo naufahamu; ulisema karibu kinyume cha hapo. Ulichapishwa 2009 na ulihusu wanaume milioni 1.2 waliozaliwa kati ya 1950 na 1976, waliopimwa wakiwa na miaka 18. Walipolinganisha mapacha, zaidi ya asilimia 80 ya uhusiano kati ya stamina na akili ilielezwa na mazingira ambayo pacha mmoja aliyapitia peke yake, wala si chembe za urithi walizochangia wala nyumba waliyolelewa pamoja.

Kuna jambo la pili ambalo linamgusa Mpemba. Katika vijana wale uhusiano ulikuwa wa stamina, yaani uwezo wa moyo na mapafu. Nguvu ya misuli haikufuatana na akili kwa namna hiyo. Sasa Denmark, ng'ambo ya maji tu, wanaume wa makamo wanaonyesha uhusiano hata kwenye kiganja. Ama umri unabadilisha jambo, ama mnachokiita uwezo wa mwili ni vitu viwili au vitatu tofauti ambavyo tumevitia katika kapu moja.

#8 Mwalimu_wa_Same

Nimekusoma, mwanangu. Hata hivyo urithi hauishii kwa mapacha. Ningependa kuona waliopimwa wakiwa na miaka hamsini, kwa kuwa kijana wa miaka 18 bado hajaonyesha alichorithi.

#9 Kocha_wa_Eldoret

Mhamiaji ameligusa lenyewe: stamina. Ninafundisha mbio za masafa marefu, na nina kikundi cha watu wazima wa maofisini wanaokimbia alfajiri. Wanaoanza wakiwa wazito huniambia baada ya miezi kadhaa kwamba kichwa kimefunguka na wanakumbuka majina ya watu kuliko zamani. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwachukua watu wazima 120, nusu yao wakatembea dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, nusu nyingine wakanyoosha viungo tu. Sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu ilikua kwa asilimia 2 kwa watembeaji, na ikasinyaa kwa wale wengine. Mwili ndio unaoilea akili.

Na Mzee wa Chumbageni namkaribisha Iten. Huku hata anayekwenda kununua maziwa anakwenda mwendo ambao kwenu ungeitwa wa msiba.

#10 Mzee_wa_Chumbageni

Kocha, nikija nitakuja na kofia yangu na mwendo wangu, nanyi mtanisubiri kwenye kona kwa heshima ya umri.

#11 Fundi_wa_Viungo

Kocha, ninawahimiza wagonjwa wangu watembee kila siku ya Mungu, kwa hiyo usinichukulie kama mpinzani wa mazoezi. Ila wale 120 walikuwa na umri wa miaka 55 hadi 80, kwa hiyo wengi walikwisha kuupita umri tunaoujadili. Pili, kilichokua ni sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na hilo si sawa na kusema mtu ameongezewa alama 16. Tatu, majaribio mengi ya namna hiyo yalipokuja kujumlishwa pamoja, ukuaji wenyewe ulionekana mdogo kuliko ulivyoonekana mwanzoni, na faida kubwa ilikuwa katika kuzuia kusinyaa.

Ushahidi unaomsaidia Kocha zaidi ni wa Gothenburg, Sweden. Wanawake 191 wenye umri wa miaka 38 hadi 60 walipimwa stamina kwenye baiskeli ya mazoezi mwaka 1968, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 44. Waliokuwa na stamina ya juu walipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa kiwango kidogo sana kuliko waliokuwa na stamina ya wastani. Hao ni wanawake, dada yangu wa Kisauni, na ni wa makamo hasa. Lakini waliokuwa na stamina ya juu walikuwa 40 tu, na hakuna aliyewagawia stamina hiyo kwa kura. Huenda kilichowapa pumzi nzuri ndicho kilichowalinda ubongo.

#12 Mjenzi_Kibamba

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Mimi ni fundi ujenzi, nina miaka 48. Nimebeba tofali, zege na mbao tangu nikiwa kijana. Kwa maelezo ya Kocha ningekuwa na ubongo mkubwa kuliko wote humu na mwili wa chuma. Hali halisi ni kwamba nikiinuka kitini asubuhi nashika meza, na rafiki yangu tuliyesoma naye, ambaye ni karani na hukimbia jioni kwa kujifurahisha, ananiacha mbali tukipanda ngazi. Kama ni mwili kufanya kazi, nani amefanya kazi kunizidi?

#13 Mhamiaji_Umea

Kaka Mjenzi, swali lako ndilo ambalo Andreas Holtermann na wenzake wa Copenhagen wamelishughulikia kwa muda mrefu. Wameonyesha kwamba mazoezi ya wakati wa mapumziko huandamana na moyo wenye afya, ilhali kazi nzito ya kutwa mara nyingi huandamana na moyo ulioumia, hasa kwa wanaume. Maelezo yao ni kwamba anayekimbia jioni hupandisha mapigo ya moyo kwa muda mfupi, kisha akapumzika na kula. Anayebeba zege hukaa na presha na mapigo ya juu kwa saa nyingi, huinama na kunyanyua vitu vizito, na hana amri juu ya saa ya kupumzika. Misuli hujengeka wakati wa kupumzika, na huo ndio unaokosekana.

Hapo naona nguvu katika hoja ya Mpemba. Ikiwa alama za mtihani ujanani huamua nani atabeba zege na nani atakaa ofisini, basi alama hizo zitaonekana kwenye mgongo akifika miaka 50, hata kama ubongo wenyewe haukufanya lolote.

#14 Kocha_wa_Eldoret

Mhamiaji, mbona Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi hawaingii katika maelezo hayo? Walifungwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, ikaonekana kwamba wana zaidi ya saa mbili kila siku za shughuli ya nguvu ya wastani na ya juu, na presha zao ni za chini hata ukubwani. Kuwinda, kuchimba mizizi na kufuata asali ni kazi, si burudani ya jioni. Kwa hiyo ubaya hauko katika jina la kazi. Uko katika kunyanyua vitu vizito na kusimama umeinama bila kupokezana na mwenzako. Fundi Mjenzi angekuwa anatembea kwa miguu kutwa nzima badala ya kunyanyua mifuko, tungeongea mengine.

#15 Mama_Lishe_Dodoma

Habari za mchana. Nashangaa mmefika hapa bila kutaja tumbo la mama na bakuli la mtoto. Muanzisha uzi amesema tofauti ilikuwapo katika umri wa miaka 3. Ofisa Lishe yeyote akisikia hivyo atauliza kwanza mtoto huyo alikula nini katika siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba ilipotungwa.

Tanzania, kwa takwimu za kitaifa za 2022, asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya mwaka huo huo ilikuwa asilimia 18. Udumavu tunaupima kwa urefu, lakini mfupa ni shahidi tu. Chakula kilichokosekana kwenye mfupa kilikosekana pia kwenye misuli, kwenye kuta za moyo na kwenye nyuzi za ubongo zilizokuwa zikijengwa kwa wakati huo huo. Mtoto huyo akifika miaka 45, mtapima mwendo wake na alama zake mkaona vinafuatana, mkaanza kubishana kipi kimekileta kingine, wakati vyote viwili vilikosa bakuli moja.

Guatemala walijaribu jambo hili kwa vitendo. Kuanzia 1969 hadi 1977 vijiji vinne viligawanywa: viwili vikapewa uji wenye protini na viwili vikapewa kinywaji kisicho na protini. Watoto waliokunywa uji tangu wadogo walipofika ukubwani walisoma na kufikiri vizuri zaidi, na wavulana wao walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kufanya kazi ya mwili walipokuwa vijana. Bakuli moja, matokeo mawili. Na hapa kwetu, vidonge vya madini joto (iodini) vilipogawiwa katika wilaya zenye rovu (uvimbe wa shingo) nyingi kuanzia miaka ya 1980, watoto waliokuwa tumboni wakati huo walisoma shule kwa muda mrefu zaidi, wasichana hasa.

#16 Mtakwimu_Mkimya

Ya Guatemala ni kweli. Hilo la madini joto linahitaji tahadhari. Utafiti ulioonyesha kwamba watoto walisoma zaidi ulitoka 2009 na ulisambaa sana, lakini wachambuzi wengine waliporudia mahesabu kwa takwimu pana zaidi hawakuliona ongezeko hilo. Madini joto yana umuhimu mkubwa kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni, hilo halina ubishi. Ushahidi wa vidonge vya Tanzania ndio usiobeba mzigo uliotwikwa.

Niongeze mawili. La kwanza, zile alama 16 ni tofauti ya wastani kati ya ncha mbili. Kati yake wako watu wengi, na ndani ya kila kundi wamo wenye akili kali wanaokwenda polepole na wenye mbio wasiofaulu. Jirani wa Mzee wa Chumbageni yumo humo, na kuwapo kwake hakuvunji utafiti, kama vile utafiti usivyoweza kumhukumu yeye.

La pili, kuna maelezo ambayo hayajatajwa kwa jina lake. Mwaka 1994, huko Berlin, watafiti Lindenberger na Baltes waliona kwamba kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, uwezo wa kuona na kusikia ulifuatana na akili kwa ukaribu usiotarajiwa, wakahisi kuna chanzo kimoja kinachochakaza vyote pamoja. Ian Deary, mtafiti wa akili wa Edinburgh, naye amependekeza kwamba alama za akili za utotoni huenda zinapima, kwa sehemu, jinsi mwili mzima ulivyoundwa vizuri, kiasi kwamba ubongo ni mahali tu ambapo ubora huo huonekana mapema. Hoja ya Mama Lishe inaingia humo, ya Mwalimu inaingia humo, hata ya Fundi. Udhaifu wake ndio huo huo: inakubali kila kitu, na ni vigumu kusema ni matokeo gani yangeikanusha.

#17 Mjukuu_wa_Machame

Nimevutiwa na hoja ya dada wa Kisauni kwamba kuna akili ambazo shule haikuzipima. Wilayani Hai kulifanyika utafiti wa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ikaonekana kwamba asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na kuendelea walikuwa nao. Kazi ngumu ilikuwa kupata kipimo cha haki, kwa sababu vipimo vya Ulaya humtaka mtu aandike au anakili mchoro, na bibi ambaye hajawahi kushika kalamu huonekana mgonjwa ilhali yu mzima. Kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya wazee wa namna hiyo humtaka apange njiti za kibiriti kwa kufuata mfano, ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa muda mfupi, na akumbuke maneno 10 aliyosomewa.

Nyanya yangu alipanga njiti zile vizuri kuliko shangazi aliyemaliza shule. Kwa hiyo kabla hatujauliza kama akili na mwili vinafuatana hapa kwetu, tukubaliane akili tunaipima kwa njiti au kwa kalamu, kwa sababu tukiipima kwa kalamu tutakuwa tumepima umbali wa shule kutoka nyumbani.

#18 Mzee_wa_Chumbageni

Mjukuu umesema maneno ninayoyaunga mkono. Nina swali kwa wataalamu. Marehemu mwenzangu tuliyekuwa tukienda naye msikitini alikuwa na tabia moja katika miaka yake ya mwisho: kila alipotaka kunijibu, alisimama kwanza, akasema, kisha akaendelea. Nilidhani ni utaratibu wake wa mazungumzo. Baadaye alianza kuanguka. Kuna uhusiano?

#19 Mhamiaji_Umea

Pole sana Mzee. Uhusiano upo, na ulielezwa hapa hapa Umeå mwaka 1997. Watafiti walitembea na wazee 58 wa makazi ya kutunzia wazee huku wakizungumza nao. Wazee 12 walisimama kila mazungumzo yalipoanza, na 10 kati yao walianguka ndani ya miezi sita iliyofuata. Akili iliyokuwa ikiendesha mwendo kimyakimya sasa inahitajika yote, na mazungumzo yakiingia hakuna kinachobaki cha kuongoza miguu. Wale wa Dunedin walipotakiwa kutaja herufi huku wakitembea walikuwa wakipimwa jambo hilo hilo, miaka 30 mapema.

#20 Binti_Kisauni

Fundi, tuambie basi mtu wa makamo ajipime vipi nyumbani bila kujidhuru.

#21 Fundi_wa_Viungo

Simama karibu na ukuta au meza ya kushika, vua viatu, inua mguu mmoja, macho wazi, ukae sekunde 10. Huko Rio de Janeiro watu 1,702 wenye miaka 51 hadi 75 walijaribiwa hivyo, na karibu mmoja katika kila watano alishindwa. Walioshindwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka iliyofuata, lakini pia unene na kisukari vilikuwa vingi zaidi kwao kuliko kwa wenzao, kwa hiyo mguu ulikuwa ukieleza mambo mengi kwa wakati mmoja. Ukishindwa, usikimbilie kujiona umepungukiwa akili. Kapime presha, sukari, macho na masikio, kwa sababu hayo manne yanatibika.

Fundi Mjenzi, wewe anza na kiti: inuka na kukaa bila kushika meza, taratibu, baada ya kazi na si kabla, na uombe zamu ya kutembeza toroli mahali pa kunyanyua mifuko. Kama maumivu yanashuka mguuni, uonwe na daktari kwanza.

#22 Mjenzi_Kibamba

Nashukuru. Zamu tunapangiwa na msimamizi, lakini nitaomba.

#23 Msomaji_Mburahati

Ahsanteni kwa michango. Mama Lishe na Mtakwimu, nawauliza ninyi. Watoto wale wa Guatemala wa miaka ya 1970 sasa wako katika umri wa makamo. Wakipimwa kuinuka kitini, kukaza kiganja na kusimama kwa mguu mmoja, si tungepata jibu? Kama wa vijiji vya uji wanawazidi wenzao kwa mwili na kwa akili kwa kiwango kinachofanana, basi chanzo ni bakuli.

#24 Mama_Lishe_Dodoma

Ningetamani kuona hivyo, na ningetaka wapimwe pia presha na sukari, maana aliyenyimwa chakula utotoni kisha akakipata kwa wingi ukubwani hubeba hatari nyingine.

#25 Mwalimu_wa_Same

Vijiji vinne ni vichache mno. Kijiji kimoja kikipata barabara au mwalimu mzuri katika miaka hiyo hamsini, mtaupa uji sifa za mwalimu.

#26 Mtakwimu_Mkimya

Hapo Mwalimu yuko sahihi, na ndiyo maana ningewalinganisha ndani ya kijiji kile kile: waliokunywa uji kabla ya kufikisha miaka 3 na waliokuta mradi umeanza wakiwa wakubwa zaidi. Barabara na mwalimu wamewapata wote. Ila nao wametofautiana umri kwa miaka kadhaa, na kuanzia miaka 45 kila mwaka una uzito wake kwenye kiti na kwenye mguu mmoja, kwa hiyo hesabu hiyo nayo italeta uzi mwingine.